Kengele Isiyo na Waya

Wanaosema majini hayavuki bahari hawajawahi kuishi Antwerpen. Yamejaa tele, tena ya huku hayana makuu: yanakaa kwenye mabomba ya joto, chini ya ngazi za mbao, na lile la baa ya Odile lilikaa kwenye kengele. Anayebisha aende akasimame pale mlangoni saa kumi jioni ya Desemba, halafu arudi asimulie, kama miguu itamrudisha.

Godelieve Aerts, ambaye wenzake walimwita Lieve, alikuwa nyuma ya kaunta akivingirisha glasi kwenye magazeti. Kengele ikalia. Fupi, fupi, ndefu. Akanyoosha mkono afungue kidirisha cha mlangoni, kama alivyofanya kwa miaka thelathini kila mlango ulipogongwa hivyo, mkono ukaganda hewani. Kengele ile haikuwa na waya. Marehemu Odile, mwenye baa, aliukata kwa kisu cha jibini hata kabla Lieve hajaanza kazi pale, na hakusema kwa nini. Ncha mbili za shaba zilining'inia juu ya mlango, kila moja imetazama upande wake kama mume na mke waliogombana.

Lieve akachungulia. Mvua, baiskeli moja, barabara tupu.

"Panya," akasema kwa sauti, ingawa panya anayejua mlio wa siri wa baa ile hajazaliwa.

Maana baa yenyewe ilikuwa ya wanawake wanaopenda wanawake, toka zama ambazo mapenzi hayo yalimkosesha mtu kazi, watoto na pa kulala. Aliyekuja alibonyeza, na baada ya waya kukatwa aligonga, fupi, fupi, ndefu. Odile alifungua kidirisha akauliza, "Nani?" Jibu lilikuwa jina la baa, alilojichagulia mwenyewe: Jogoo, Muuza Samaki, Njiwa. Aliyetaja jina la kuzaliwa, hata awe amekunywa pale miaka kumi, hakufunguliwa, kwani huenda nyuma yake kasimama polisi, au mume. Kila mmoja Odile alimpiga picha, na mteja alipofariki akaitundika ukutani. Zilikuwa arobaini na moja, na nyuma ya picha hizo hapakuwa na hata nukta.

Sasa Odile alikuwa kaburini, jengo limeuzwa, na funguo zilitakiwa Ijumaa. Picha zilikuwa ziende kwenye nyumba ya kumbukumbu za wanawake kule Gent. Bibi Annelore wa huko hakuzungusha maneno kwenye simu: "Jina kamili na mwaka wa kuzaliwa, bibi Aerts. Picha isiyo na jina inaingia sanduku la wasiojulikana. Na sanduku hilo, nikwambie ukweli, halina anayelifungua."

Maneno hayo yalimchoma. Njiwa alikuwa mpenzi wake, miaka ishirini na miwili chini ya dari moja. Alipofariki, ndugu zake walichapisha kadi ya msiba yenye sura yake, kama ilivyo desturi, wakaandika: "Binti mpendwa. Hakuolewa." Lieve alikaa benchi la mwisho kanisani, kama rafiki tu wa marehemu. Hapo ndipo alipoapa kwamba Njiwa hatasahaulika mara ya pili.

Basi akatenda kosa ambalo mtu wa baa ile peke yake angeweza kulitenda, tena kwa mapenzi. Odile aliacha boksi la viatu lililojaa kadi za msiba za wateja wake. Siku tatu Lieve alilinganisha sura, kadi na ukuta, ukuta na kadi, na nyuma ya kila picha akaandika jina la kuzaliwa kwa penseli. Wa mwisho kupatikana alikuwa Kapteni, yule wa kofia na tai, sigara imeinama mdomoni. Leontine Maes, mwalimu, 1929–1961. Penseli ikavunjika kwenye tarakimu ya mwisho, na robo saa baadaye ndipo kengele isiyo na waya ilipolia.

Kesho yake alizikuta picha zote zimegeukia ukuta.

Akazigeuza moja moja, akijitukana kwa kusahau. Akaingia stoo kuchukua kamba. Aliporudi zimegeuka tena, arobaini na moja, bila kishindo wala mkwaruzo, na baa inanuka matope ya mto, na ndani ya matope harufu nyingine, kavu, ya darasani. Chaki.

Kengele ikalia. Kidirisha kikajifungua upana wa kidole. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, isiyo na haraka, ikaanza kuita majina kutoka nje, majina ya kuzaliwa, moja baada ya jingine kwa mpangilio uleule aliouandika Lieve, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na baada ya kila jina ikanyamaza kusubiri mtu aitike, na katika kila kimya picha moja ukutani ikagonga ukuta taratibu kutokea kwa ndani, kama ukucha, mpaka majina yakafika arobaini na sauti ikakataa kulitaja la arobaini na moja, ikauliza tu, karibu mno, kana kwamba mdomo umegusa mbao, "Nani ameandika?"

Lieve akatoka mbio kwa mlango wa jikoni bila koti.

Alimpigia simu Jogoo, mwenye umri wa miaka themanini na minane, mkazi wa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Jina lake la kuzaliwa Lieve hakulijua. Jogoo alikuja kwa teksi na kigari chake cha kutembelea, midomo imepakwa rangi nyekundu, akanusa mara moja tu.

"Umeandika majina, mjinga wewe."

"Nilitaka wakumbukwe, bibi."

"Na Kapteni ulimwandika?"

Lieve akainamisha kichwa.

"Ehe! Yule alikufa kwa karatasi, mwanangu. Mhudumu mmoja, mwema kama wewe, aliorodhesha majina yetu ili atualike kwenye siku ya kuzaliwa ya Odile. Karatasi ikadondoka njiani, ikafika kwa masista wa shule aliyofundisha. Jumatatu hana kazi. Jumanne akaingia mtoni na koti lake la baridi, mifukoni mawe. Siku tuliyomzika kengele ililia mpaka Odile akakata waya. Hadhuru kwa uovu. Anamtafuta mwandishi, na akimpata atakwenda naye."

"Sasa tufanyeje?"

"Washa ile nyekundu."

Juu ya kaunta palikuwa na balbu nyekundu, ya kuonya kwamba polisi wamefika. Lieve akaiwasha. Hapo hapo kitasa kikaanza kutikisika.

"Mimi naita, wewe unafuta, halafu unamkaribisha," Jogoo akanong'ona. "Likibaki hata jina moja, atarudi. Usitazame mlango, shoga yangu. Hata ukisikia mama yako."

Akaita, "Muuza Samaki!" Lieve akasugua kwa raba. "Pita." Akaita, "Sista!" "Pita." Maji yakaingia chini ya mlango, yakafika viatuni, baridi kama chuma, na kila jina lililofutika yalirudi nyuma kidogo. Zilipobaki mbili kitasa kilikuwa kinapigwa kama ngoma. Jogoo akauacha mkono wa kigari, akasimama kwa miguu yake.

"Kapteni! Ni mimi, Jogoo. Tulicheza dansi hapa, ukanikanyaga. Pita, mpenzi, ukapumzike."

Lieve akafuta. Kitu kizito kikapita katikati yao, kinanuka tumbaku, na kengele ikadondoka ukutani ikapasuka vipande viwili. Kimya. Sakafu ilikuwa kavu.

"Zote?" Jogoo akauliza, akihema.

Picha moja, ya Njiwa, Lieve alikuwa ameshaichomeka ndani ya sweta. Nyuma yake: Rozemarijn De Cuyper, mke wa Godelieve Aerts. Hapakuwa na karatasi nyingine duniani iliyosema hivyo.

"Zote, bibi."

Jogoo akaitazama sweta yake, akapanda teksi. Ijumaa funguo zilirudishwa, na picha arobaini zikaenda Gent na majina ya baa. Bibi Annelore alipolalamika, Lieve akamjibu, "Andika hivyo hivyo. Hayo waliyachagua wenyewe."

Jumamosi, saa kumi jioni, alikuwa jikoni kwake, ghorofa ya tatu, anamenya viazi. Picha ilikuwa mezani, Njiwa anacheka. Mlango ukagongwa. Fupi, fupi, ndefu.

Alipogeuka, picha ilikuwa imelala kifudifudi.

"Nani?" akauliza.

"Rozemarijn De Cuyper."

Ilikuwa sauti ya Njiwa yenyewe, na mkwaruzo wake wa sigara, na kicheko chake kidogo mwishoni. Lakini katika miaka ishirini na miwili Njiwa hakuwahi kulitamka jina hilo kwa Lieve, hata kwa utani. Chini ya mlango maji ya matope yakaanza kupenya polepole.

Hapakuwa na mtu hai aliyeijua sheria ya mlango kuliko Lieve. Akautazama mkono ulioshika komeo, akautambua kuwa ni wake, na ulikuwa umeshalivuta nusu.