Beji Iliyobaki Kifuani kwa Bi Kijakazi

Umemwona mara nyingi, usikatae. Bibi anashushwa garini nje ya kliniki, mguu mmoja umefungwa bendeji, mkono umeng'ang'ania mlango, na wewe ukainamia simu yako. Ukajiambia ana watu wake. Wapitaji wote wa mtaa ule hujiambia hivyo, na mzee anaweza kufika mlangoni bila mtu hata mmoja kumwona. Basi huyu ana jina. Anaitwa Bi Kijakazi, na siku ninayotaka kukueleza, aliyegeuza uso alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

Mjukuu huyo ni Hayat, msichana wa miaka kumi na miwili. Aliishi Edmonton, kaskazini mwa London, na bibi yake na baba yake, Msabaha. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, Msabaha alipotoka zamu ya usiku ghalani, hakwenda kulala. Alimpakia mama yake garini akampeleka kliniki kusafishwa kidonda cha mguu. Hayat alikwenda nao, kisha akatembea hadi shule iliyokuwa mtaa wa pili. Bibi alikuwa na kisukari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Ungeukanyaga, naye angeendelea na mazungumzo yake.

Gari liliegeshwa kwenye nafasi ya walemavu. Ili kuegesha pale, beji ya buluu yenye jina na picha ya Bibi ilitakiwa iwekwe nyuma ya kioo cha mbele, mahali ambapo mkaguzi wa maegesho angeiona. Kazi ya kuiweka ilikuwa ya Hayat. Lakini beji haikukaa garini. Ilikaa kifuani kwa Bibi, ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kwenye pindo la leso.

"Bibi, kwa nini usiiache tu garini?" Hayat aliuliza siku moja, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Maneno machache ya Kiingereza Bibi aliyafahamu kwa kuyasikia kila siku.

"Karatasi yenye sura yangu ikalale nje?" Bibi alijibu kwa Kiswahili cha Pemba. "Huna akili wewe."

Bi Kijakazi alitoka Pemba mwaka elfu mbili na moja, baada ya watu kupigwa risasi kwenye maandamano. Alivuka hadi Kenya na mtoto mmoja na furushi moja. Huko kambini alimwona jirani yake akiacha karatasi yake ya mgao wa chakula juu ya mkeka ili akachote maji. Aliporudi haikuwepo. Mwanamke yule alisimama mbele ya dirisha la karani siku kumi na moja akitaja jina lake, na karani akisema hamjui. Wanaosema wazee wetu hawaelewi mambo hawakusimama kwenye dirisha lile.

Kwa hiyo kila walipofika kliniki, Hayat alisema, "Naomba beji, Bibi." Bibi alifungua fundo taratibu, akamkabidhi, akasema, "Irudi kama ilivyo."

Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba Hayat hakuiomba.

Tatiana wa darasani kwao alikuwa amesimama na rafiki yake kwenye kituo cha basi, mbele kabisa ya kliniki. Wiki iliyotangulia Tatiana alikuwa amemuuliza, darasa zima likisikia, kama familia yao ilipewa gari la bure kwa kuwa na kilema nyumbani. Hayat alivuta kofia ya koti mpaka kwenye nyusi. Kuiweka beji kungemlazimu ainame juu ya usukani, Bibi akionekana, fimbo yake ikionekana, kila kitu kikionekana.

"Hayat, beji?" baba aliuliza huku akimtoa Bibi garini.

"Tayari."

"Umeiweka vizuri?"

"Nimesema tayari, Baba."

Waliporudi Msabaha na mama yake, baada ya dakika arobaini, bahasha ya faini ilikuwa imebandikwa kwenye kioo.

Jioni, Bibi alifungua leso yake mezani. Beji ilikuwa ndani. "Hii hapa," alisema. "Kosa langu. Sikumpa mtoto."

Msabaha alimtazama binti yake. Hayat alimaliza wali, akaosha sahani yake, akaenda chumbani.

Jumanne iliyofuata Bibi alikataa kuvaa viatu.

"Siendi. Mguu huu umeshakula vyenu vya kutosha."

"Mama, kidonda hakisubiri."

"Hakiniumi."

"Hakiumi kwa sababu mguu umekufa, Mama!"

"Basi maiti iachwe."

Ijumaa alikataa tena. Wikendi hiyo akaja Mahir, binamu yake Msabaha, dereva wa teksi, mtu ambaye faini za London alizijua kama watoto wake.

"Yakhe, andikeni beji ilidondoka," alisema, akimimina chai bila kukaribishwa. "Ilikuwa mbele, mlango ukafungwa kwa nguvu, ikaanguka sakafuni. Kila mtu huandika hivyo. Wale hawasomi."

"Niandike mimi?" Msabaha aliuliza.

"Wewe? Kwa Kiingereza chako wataongeza faini! Mtoto aandike."

Hayat aliandika. Aliandika vizuri, ndani ya robo saa. Baba alitia saini akiwa nusu usingizini.

Majibu ya halmashauri yalikuja baada ya siku tisa. Ndani mlikuwa na picha tatu alizopiga mkaguzi. Dashibodi tupu. Kiti tupu. Sakafu tupu, na zulia lake likiwa limefagiliwa. Maelezo ya familia hayakulingana na picha, barua ilisema, na ombi lilikataliwa. Ilibaki nafasi moja tu ya kukata rufaa.

Bibi alitaka asomewe. Hayat alimtafsiria neno kwa neno.

"Kwa hiyo mwanzo tulikuwa wasahaulifu," Bibi alisema. "Sasa ni waongo."

Siku hiyohiyo muuguzi alipiga simu. Bibi alikuwa amekosa miadi minne. Muuguzi alisema kidole kidogo cha mguu kinaweza kupotea, na kikiachwa, mguu utafuata. Msabaha aliweka simu mezani, akakaa akiitazama. Alikuwa hajalala.

Jumamosi alimtuma Hayat na barua zote kwa Bi Jokha. Bi Jokha alikuwa karani zamani. Sasa amestaafu, na kila Jumamosi hukaa kwenye ukumbi wa jumuiya akiwasaidia watu kwa barua za serikali.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba. Kaa." Alisoma mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo. "Nani aliandika hii ya kwanza?"

"Mimi."

"Nzuri. Uongo uliopigwa pasi. Sasa niambie, beji ilikuwa wapi?"

"Kifuani kwa Bibi."

"Na kuiomba na kuiweka ni kazi ya nani?"

Hayat alitazama meza. Kisha alisema yote kwa Kiingereza, harakaharaka, kama anayesoma tangazo lisilomhusu. Wasichana, kofia, neno tayari, Bibi kukataa kliniki.

Bi Jokha alivua miwani. "Nimekusikia. Sema tena kwa Kiswahili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi siye wa kuambiwa. Aliyeacha kwenda kliniki atakuelewa kwa Kiswahili. Ukishamwambia, rudi tuandike."

Njiani Hayat aliyarudia maneno mara nne. Alimkuta Bibi kwenye kiti karibu na hita, mguu juu ya stuli. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka kidonda.

"Bibi, Baba aliniuliza, nikasema tayari. Sikuwa nimekuomba beji. Niliwaonea haya wasichana wa shule."

Bibi hakupandisha sauti. "Hukuwaonea haya wao. Ulinionea haya mimi."

"Ndiyo."

"Na siku zote hizi ukaniacha nikijua kosa ni langu."

"Ndiyo."

Bibi aliushusha mguu kutoka kwenye stuli.

"Niletee viatu," Bibi alisema.

"Leo Jumamosi, Bibi. Kliniki imefungwa."

"Hospitali haifungwi. Lete viatu, mwamshe baba yako."

Barua ya pili Hayat na Bi Jokha waliiandika juma lililofuata. Ilieleza kwamba ya kwanza haikuwa ya kweli, na waliomba radhi kwa hilo. Ilisema nani alipaswa kuiweka beji na kwa nini hakuiweka. Ilisema pia kwa nini mwenye beji huifunga kwenye leso, na mistari hiyo Bi Jokha hakukubali ifupishwe. Waliambatisha nakala ya pande zote mbili za beji na barua ya kliniki yenye saa ya miadi.

"Futa hapa, 'kwa masikitiko makubwa'," Bi Jokha alisema. "Hatuko matangani. Tunaeleza."

Jibu lilichukua wiki tano. Jumatano faini ilifutwa, kwa kuwa beji ilikuwa halali na lilikuwa kosa la kwanza. Alhamisi kidole kidogo cha Bi Kijakazi, ambacho dawa za wiki zile hazikukiponya, kilikatwa. Madaktari waliuokoa mguu.

Hayat alikaa kando ya kitanda cha hospitali. Bi Jokha alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Ningesema mapema, kingepona?" Hayat aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Sijui. Na wewe hutajua," Bi Jokha alijibu. "Lakini shika hili. Kukosea kunasameheka, umeona hata ofisi imesamehe. Kosa unalolificha halipotei. Linatafuta mtu wa kulilipia, na nyumbani humpata yule mnyonge kuliko wote. Ukikosea, sema siku ileile, kabla halijamfikia."

Bibi alifumbua macho. "Mwache mtoto," alisema. "Ameshasema." Kisha akapapasa kifuani, akafungua fundo, akamkabidhi beji kabla hajaombwa.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, usinisifie hadithi. Nyumbani kwenu, au mlango wa pili, yuko mzee mwenye bahasha asiyoweza kuisoma, au anayejilaumu kwa jambo ambalo hakulifanya. Funga kitabu. Nenda ukamuulize, na ukae mpaka akujibu. Kama kuna barua, msomee yote. Kama kosa ni lako, mwambie kwa lugha anayoielewa. Usingoje kesho, usingoje mkubwa akutume. Inuka uende.