Mtu wa Jumatano

Jumamosi hiyo mtaa wa vipuri ulikuwa umefurika hadi watu wanapishana kwa mabega. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda chake, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi viwikoni, kitambaa cha zambarau kichwani, bisibisi ameibana kwa meno. Aliona gurudumu kwanza. Kisha akaiona pikipiki yenyewe, kubwa, ya safari ndefu, yenye mabegi magumu pande mbili na kioo cha kukinga upepo. Mwisho akamwona mwenyewe: jamaa mrefu mwenye jaketi la bluu lililofubaa kwa vumbi, anaisukuma polepole kama anayemsindikiza mgonjwa.

"Injini ni nzima," jamaa alisema. "Kinachonisumbua ni haka katundu ka kuchajia simu."

"Na unaisukuma kwa sababu ya katundu?"

"Naisukuma kwa sababu ya watu wenu hawa. Nikiwasha nitamkanyaga mtu."

Fundi akacheka bila kutaka. Akafunua kifuniko cha mpira, akapima, kisha akachomoa fyuzi na kuiinua juani. Wengine hutazama fyuzi waone kama imekatika, basi. Yeye alikuwa akiisoma. Uzi wa ndani ukikatika kwa kishindo na kuacha doa jeusi, nyaya zimegusana au maji yameingia. Uzi ukiyeyuka taratibu katikati, kuna kitu kimekula umeme kupita haki yake, tena kwa muda mrefu. Hii ilikuwa na doa jeusi. Akamwambia kwamba alinyeshewa akiwa ameacha kifuniko wazi. Jamaa akakubali, macho yamemtoka kama aliyetabiriwa.

Fundi akamweleza, kama alivyowaeleza wateja wote, kwamba tundu hilo ni la umeme mdogo. Ampea tano, mwisho. Simu sawa, kitaa kidogo sawa, lakini injini iwe inanguruma, la sivyo betri itamfia porini. Kitu chochote cha kupasha joto, asithubutu.

Jamaa alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka miji midogo akipima kama mizani za madukani zinasema kweli, na begi la kushoto lilijaa mawe ya shaba ya kupimia. Kabla hajaondoka, mtaa mzima ulikuwa umeshamwita Mizani. Jumatatu akarudi, ingawa hakuna kilichoharibika. Alhamisi akarudi tena, akadai kioo cha pembeni kina kasoro.

"Kasoro gani?" Fundi aliuliza.

"Nikikitazama sikuoni."

Wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeuza helmeti kibanda cha pili, alicheka hadi akaangusha helmeti mbili.

Ndivyo yalivyoanza. Mizani hakumficha kwamba ni mgane. Mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita kwa maradhi. Alisema hivyo mara moja tu, akaongeza kwamba hayo yamepita, na Fundi hakuchimba. Kaburi la mtu halichimbwi kwa udadisi. Waliishi kwa simu. Akisimama kando ya barabara kunywa maji alipiga. Akimaliza duka la mwisho alipiga. Kwa kuwa simu yake ilishinda kwenye lile tundu, haikuzimika hata siku moja.

Isipokuwa Jumatano.

Kila Jumatano, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, Mizani hakupatikana. Mara ya kwanza Fundi alidhani ni mtandao. Mara ya tatu akauliza, akajibiwa kwamba simu iliisha chaji. Jibu hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Angeweza kumwambia mwanamke yeyote mjini kwamba simu iliisha chaji, akaaminiwa, ila si yule aliyelitengeneza lile tundu kwa mikono yake.

"Mwanaume asiyepatikana Jumatano," alisema wifi yake, akipangusa helmeti kwa upindo wa gauni, "ana mtu wake wa Jumatano."

"Labda yuko kazini."

"Kazini hawazimi simu, wifi. Wanaozima simu ni waliokaa kitako."

Fundi akamwambia aache maneno. Lakini jicho likishaonyeshwa doa, halioni tena nguo. Pikipiki ilipoletwa kubadilishwa oili, aliona vikanyagio vya abiria vimeshushwa. Aliinusa siti ya nyuma, akajiona mjinga, akainusa tena: poda ya waridi. Ndani ya begi la kulia akakuta glovu moja ya kike, ndogo, ya sufu ya kijani. Akachomoa fyuzi ya lile tundu. Imekatika. Hakukuwa na doa. Uzi ulikuwa umelegea katikati na kudondoka kama mshumaa.

Mizani alikuwa amekaa kwenye stuli, akinywa chai ya wifi.

"Ulichomeka nini humu?" Fundi alimuuliza.

"Pampu ya upepo. Tairi lilishuka."

"Pampu ingeikata hapo hapo. Hii imechukua saa nzima kuyeyuka."

"Basi labda nilipampu polepole."

Alisema kwa kucheka. Fundi hakucheka. Mizani akatazama kikombe chake, kisha akasema jambo ambalo ingemfaa zaidi kulinyamazia. Alimwomba amwekee fyuzi kubwa kidogo, ya ampea kumi, ili asihangaike kuibadilisha kila wiki.

"Kila wiki," Fundi alirudia.

Mizani akajua ameteleza.

Fundi akamwambia kwamba fyuzi hailindi kifaa, inalinda waya. Akiweka kubwa, waya utaungua kimya kimya chini ya tangi huku yeye anapiga mluzi barabarani. Kisha akaitoa ile glovu na kuilaza kwenye goti la Mizani.

"Nani huyu unayempasha joto kila Jumatano?"

Mizani aliitazama glovu muda mrefu. Fundi alitamani adanganye vizuri, aseme ni ya dada yake, aseme ameiokota. Hakusema hata hilo.

"Nimeapa nisiseme," alijibu. "Si unavyodhani, mpenzi. Ningeweza ningekwambia."

"Umemwapia nani?"

Mizani aliweka kikombe chini, akasimama.

"Basi nenda kwake akutengenezee pikipiki."

Akaenda. Hakupiga usiku huo wala kesho yake. Fundi aliiweka simu kifudifudi mezani ili asiione ikinyamaza. Moyo wake ulifanya hesabu zote: kitu kinachopasha joto, kwa saa nzima, kwa mwanamke mwenye mkono mdogo anayejipaka poda. Wifi yake alipendekeza ni chombo cha kupashia maziwa ya mtoto. Wazo hilo lilimnyima usingizi siku tatu. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alishawahi kumsubiri mwanaume mmoja miaka mitano, na mwanaume huyo alikuwa na nyumba nyingine, jiko lingine na watoto wawili. Hakuwa na miaka mingine mitano ya kumpa mtu.

Jumatano iliyofuata, saa kumi kasoro, simu ikaita kwa namba ngeni.

"Wewe ndiye fundi wa umeme?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, iliyozoea kutiiwa na watu wengine. "Namba yako imebandikwa hapa chini ya siti. Pikipiki imekataa kuwaka."

Fundi alikuwa na desturi ya kubandika namba yake kwenye kila chombo alichokitengeneza. "Pikipiki ya nani?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Kubwa, ya bluu. Mwenyewe amekwenda kutafuta gari la kutuchangia umeme wa betri. Tupo makaburini, geti la nyuma."

Kumbe mwanamke mwenyewe kampigia. Fundi akavua ovaroli. Akavaa gauni la njano ambalo Mizani hajawahi kuliona, akajifunga kilemba cha kumtosha malkia, akabeba nyaya za kuchangia umeme na betri ya akiba. Wifi yake akamuuliza anakwenda kutengeneza au kupigana. Akajibu kwamba ataamua akifika.

Geti la nyuma lilikuwa kimya. Ile pikipiki ilisimama kando ya ukuta mfupi, na juu ya siti ya nyuma, wima kama ameketishwa na serikali, alikaa bibi kizee mwembamba aliyevaa helmeti nyekundu na glovu moja ya kijani. Kutoka chini ya koti lake ulitoka waya, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye lile tundu.

Fundi akasahau maneno yote aliyokuwa ameyanoa njiani. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Umependeza sana kwa mtu wa kutengeneza pikipiki." Bibi akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Aa. Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi nani?"

"Anayemfanya atabasamu na helmeti kichwani. Anadhani sioni. Nakaa nyuma, lakini mashavu yakinyanyuka, helmeti nayo inanyanyuka."

Fundi akashika ule waya. Uliishia kwenye mkanda wa joto, wa aina ile wanayofunga madereva wa malori kiunoni. Waya wa pikipiki wenyewe ulikuwa wa moto kidoleni. Akachomoa fyuzi: ampea kumi. Akaelewa. Wiki zote zilizopita ile fyuzi ndogo ilikatika baada ya saa moja na kuiokoa betri. Leo Mizani alikuwa ameweka kubwa kwa mkono wake, injini imezimwa, kama simu, kwa heshima ya makaburi, na mkanda ukainyonya betri hadi tone la mwisho.

"Mama, wewe ni nani wake?" aliuliza, bado amechuchumaa.

Bibi aliisukuma helmeti nyuma kidogo. Alinyoosha kidole chenye glovu juu ya ukuta, kwenye kaburi la tatu, lililofagiliwa, lenye maua mabichi. "Yule pale ni binti yangu. Mgongo wangu haunifikishi hapo kwa miguu, na gari halipiti kichochoro hiki. Ananileta na hii. Nakaa hapa, namwona, naongea naye kidogo."

"Yaani wewe ni mkwe wake."

"Mkwe wake. Na ninamshika kiuno mjini mchana kweupe, mama mzima na mvi zangu. Unafikiri watu watasema nini? Nilimwapisha asimwambie mtu, hata kama mama yake angefufuka." Akaikaza glovu mkononi. "Halafu nikamwambia siku akipata mwanamke, aniache, nitakuja kwa miguu. Nilisema kwa kiburi. Nadhani ndiyo sababu hakukwambia. Aliogopa nitatimiza."

Fundi alifunga betri ya akiba. Mikono ilijua kazi, kichwa hakikujua. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa haina pa kukaa, na nyingine, ndogo, ilikuwa bado ipo.

Mizani alirudi peke yake, anahema, jaketi begani. Alipoona gauni la njano alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Ulisema hayo yamepita," Fundi alimwambia.

"Nilidhani ndivyo unavyotaka kusikia."

"Mimi nilitaka kusikia kweli. Nimekesha siku tatu nikimtafutia mtoto wako maziwa."

Mizani hakuelewa, lakini aliona machozi, akainamisha kichwa. Alisema kwamba hakuzoea kusema jina la marehemu mbele ya mtu. Kila alipojaribu, lilimtoka kama kosa. Fundi akamwambia alitaje sasa. Akalitaja, mara moja, kwa sauti ndogo. Bibi juu ya siti akageuzia uso ukutani.

Fundi hakumkumbatia. Alimwambia tu kwamba fyuzi ya kumi haitakaa kwenye chombo alichokigusa yeye, na kwamba mkanda utafungiwa waya wake wenyewe kutoka kwenye betri, wenye swichi. Kisha akamwambia kwamba akitaka jambo zaidi na yeye, aje nyumbani kwa baba yake na mtu mzima wa kumsemea, maana amechoka kubahatisha.

"Sina mtu," Mizani alisema. "Wazazi wangu walishatangulia. Unajua."

"Hana mtu," bibi alirudia, akivuta helmeti. "Hivi huyu kijana ananitazama ananiona begi?"

Wakaenda Jumapili ya pili. Baba yake Fundi, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa mtu asiyeamini hata saa ya ukutani. Alikumbuka vizuri ile miaka mitano ya binti yake. Alimkaribisha bibi kwenye kochi, bibi akakataa kuketi kabla hajasema lililomleta. Alisimama katikati ya sebule kwa kushikilia kiti, koti limefungwa hadi shingoni, Mizani nyuma yake ametazama sakafu.

"Wewe ni nani wa kijana?" baba aliuliza.

"Mimi ni mama wa mke wake."

Kaka yake Fundi akakohoa. Wifi akaweka sinia chini. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti yangu aliugua miezi kumi na minne," bibi alisema. "Nilihamia kwao. Nililala chumba cha pili, na kuta zile ni nyembamba. Wengine watakuja hapa kumsifu kijana kwa kuwa ni wao. Huyu si wangu, nimeachiwa tu. Kwa hiyo niulizeni."

Baba akainama mbele kidogo.

"Aliwahi kumkasirikia mkewe?"

"Mara moja."

"Kwa nini?"

"Binti yangu alikataa kula. Kijana akampigia kelele. Kisha akaenda uani, nikamsikia akilia." Akakishika kiti kwa mikono miwili. "Siku ya mwisho binti yangu aliniambia, mama, usimwache peke yake. Miaka mitatu nimekuwa nikilitimiza neno hilo vibaya: nimemweka kwangu, badala ya kumwachia mwingine."

Fundi, mlangoni, alitambua kwamba ameacha kumchunguza Mizani usoni; alikuwa akimtazama tu. Baba yake akainuka, akamwendea bibi polepole, akamshika mkono.

"Kaa, mama," alisema. "Umesimama sana."