Maji Yakipwa, Simu Inazimwa

Waya ulikuwa umebaki mmoja tu, na mikono miwili iliushika kwa pamoja. Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limefurika watu, kila mtu na simu yake iliyopasuka kioo, na muuzaji hakuwa na muda wa kuamua ugomvi.

"Nimeuona mimi kwanza," alisema mwanamke. Alivaa gauni la kijani lenye mikono mipana, kazi ya dada yake fundi cherehani. Kazini walimwita Injinia.

"Nami nimeutafuta tangu mwaka jana," alijibu mwanamume bila kuachia.

Shati lake la buluu lilikuwa limenyooshwa kwa pasi, lakini pindo za suruali zilikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Injinia aliiona chumvi kabla ya uso, na alipouona uso akajuta kuchelewa.

Kumbe waliutaka waya ule wa kizamani kwa jambo lilelile: kusoma kipimo cha maji ya bahari. Yule bwana alikuwa mpimaji wa bandari, na kipimo chake pale gatini kiliandika kimo cha maji yakijaa na yakipwa. Injinia naye alikuwa na kipimo chakavu alichorithi ofisini, na alihitaji data za kulisha modeli ya kompyuta itakayoonyesha, bahari ikichafuka, maji yataingia mitaa gani ya chini na saa ngapi. Watu wangeonywa kwa kufuata modeli hiyo.

"Basi niachie waya," Mpimaji alimwambia, "nikuletee bahari nzima. Kipimo changu hakijawahi kusema uongo."

"Wanaume wote husema hivyo."

"Mimi nimekisemea kipimo. Mwenyewe sijajisemea bado."

Injinia alicheka, akauachia waya, akampa namba ya simu. Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Walikunywa chai, walitembea jioni, wakaanza kupigiana simu kuulizana kama umekula, kana kwamba mtu mzima anaweza kusahau. Siku faili la data lilipofika, Injinia alilifungua kwa furaha ya mtu aliyeletewa maua.

Programu ya modeli haina urafiki na mtu. Inataka kujua kila kimo kimepimwa kuanzia sifuri ipi, na kwa saa ipi, kwa sababu yenyewe hutumia saa moja tu ya dunia, ile ya wataalamu wa kila nchi. Injinia alifuta namba zilizoruka pale boti ilipogonga kipimo, akaziba mapengo, akaondoa zile saa za tofauti kati ya saa ya hapa na saa ya dunia, kama alivyozoea kufanya kwa kila data ya bandari. Kisha akaimimina bahari ndani ya kompyuta. Rangi ya buluu ilipanda na kushuka kwenye ramani, naye akaitazama kwa mapenzi ambayo hayakuwa ya ramani peke yake.

Ndipo simu ya Mpimaji ilipoanza kuzimwa.

Mara ya kwanza hakujali. Mara ya pili aliuliza, akajibiwa kwamba ni kazi. Siku iliyofuata ilizimwa tena, baadaye kidogo kuliko jana yake, na keshoye baadaye zaidi. Akimuuliza, Mpimaji anaangalia pembeni na kubadilisha mazungumzo. Halafu siku moja simu iliita, na aliyepokea alikuwa mwanamke.

"Anaoga," ile sauti ilisema, bila haraka wala haya. "Piga baadaye."

Injinia alikaa na simu mkononi, akayarudia maneno yale kwa sauti. Dada yake, aliyekuwa mezani akipinda sketi ya mteja, alisimamisha cherehani. Huyu dada alikuwa ameachika kwa mume aliyekuwa na familia ya pili mtaa wa nyuma, na tangu hapo alinusa udanganyifu hata pale ambapo haupo.

"Anaoga kwa nani?" aliuliza. "Mdogo wangu, mwanamume haogi mahali ambapo hana kandambili zake."

Usingeweza kumpinga dada kwa hoja kama hiyo. Lakini Injinia alikuwa na hoja mbaya zaidi, ya kitaalamu. Simu inayozimwa kila siku baadaye kidogo kuliko jana yake inafuata maji, ambayo nayo hupwa yakichelewa kidogo kila siku. Na upande wa pili wa bandari, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, kulikuwa na nyumba nzuri nzuri zenye maua dirishani. Maji yakipwa, mtu anavuka kwa miguu kutoka gatini. Mtu mwingine angedhani mpenzi wake ana zamu kazini. Injinia, kwa elimu yake, alimwona kabisa akivuka na viatu mkononi.

Aliiuliza modeli. Maji, ilisema modeli, yanapwa mapema sana kabla ya simu kuzimwa. Badala ya hilo kumtuliza, lilimchoma. Ina maana anavuka kwanza, wanakula, wanapiga soga, ndipo simu inazimwa.

"Hapo sasa," dada alisema. "Kamfumanie."

Injinia alikuwa awasilishe modeli yake keshoye mbele ya wakubwa wa jiji. Badala ya kuandaa maelezo, alivaa gauni lile la kijani, akajipaka wanja kama anayekwenda harusini, maana hakutaka yule mwingine amwone kachoka. Akaenda gatini saa ileile ambayo modeli ilisema maji yatakuwa yametoka kabisa.

Maji yalikuwapo. Yalikuwa mengi, yanakwenda kwa nguvu, na mtu mzima angezama mpaka kifuani. Injinia alisimama ukingoni akiyatazama kwa hasira, kana kwamba nayo yameingia kwenye njama.

"Unamtafuta Mpimaji?"

Ilikuwa ile sauti. Injinia aligeuka na maneno yote tayari mdomoni, akakuta mama wa makamo mwenye sare ya ulinzi na miwani iliyofungwa kwa uzi, ameketi mlangoni mwa kibanda. Nyuma yake kulikuwa na ndoo, sabuni, na kandambili kubwa za kiume.

"Shikamoo," Injinia alisema, kwa kukosa lingine.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Maji bado, yeye huja yakishatoka. Hunipa simu yake nimshikie isilowe, akitoka kwenye tope anaogea hapo nyuma. Siku ile ulipopiga alisahau kuizima, nikadhani ni mkaguzi."

Alikaa. Mashaka hayakuisha mara moja. Yalimng'ang'ania mpaka maji yalipotoka na Mpimaji akaja kweli, na mabuti, na chombo cha kupimia kimo begani. Alipomwona alisimama.

"Umekuja kunifumania," alisema.

"Ndiyo." Haikuwa na maana kudanganya. "Kwa nini ulinificha?"

Mpimaji alivua kofia. Alieleza kwamba bomba la kipimo lilikuwa limejaa chaza na limeshuka kidogo, hivyo sifuri yake ilikuwa si sifuri tena. Kila maji yakipwa alishuka kulikwangua na kulipima upya kwa kufuata msumari wa shaba uliopigwa ukutani zamani.

"Nilikuwa nimekwambia hakisemi uongo," alisema. "Nikaona aibu. Nilitaka nikuletee kilicho sahihi kabla ya kesho. Ila nawe, mpenzi, maji yametoka sasa hivi tu, na mama mlinzi anasema umengoja muda mrefu. Mbona umekuja mapema hivyo?"

"Modeli ilisema."

Mpimaji aliangalia saa yake. "Uliondoa zile saa za tofauti?"

"Niliondoa. Data za bandari huja kwa saa ya hapa."

"Niliziondoa mimi kwanza," Mpimaji alisema polepole. "Ili usihangaike."

Saa zilikuwa zimeondolewa mara mbili. Kila mmoja alitaka kumrahisishia mwenzake, na hakuna aliyeuliza. Kesho angesimama mbele ya wakubwa kuwaambia maji yatafika mitaa ya chini saa ambayo si yake, na watu wangerudi majumbani wakidhani hatari imepita. Wivu ndio uliomleta hapa akayaona maji kwa macho. Machozi yalimtoka, wanja ukateremka nayo.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Kila nilichokijua nilikitumia kukudhania vibaya. Nisamehe."

"Imeniuma," Mpimaji alijibu. "Lakini nami nilizima simu badala ya kusema." Akampa ncha ya futi ya chuma. "Shika hapa, kwenye msumari. Tukimaliza twende tukairekebishe modeli yako. Halafu nina swali la kuja kukuuliza nyumbani, mbele ya dada yako."

"Dada yangu mkali."

"Nitakuja na kandambili zangu."

Injinia alikuwa hajamwambia lolote kuhusu kandambili, na alicheka mpaka mama mlinzi akachungulia. Simu yake ikaita. Ilikuwa dada.

"Umemkamata?"

"Nimemkamata," Injinia alisema, miguu topeni, ncha ya futi imebanwa kwenye shaba. "Simwachii tena."