Paja la Kuku la Siku ya Pili

Jumapili asubuhi katika nyumba ya chai ya Mzee Tam, Guangzhou, kiti hakitafutwi, kinanyakuliwa. Kijana mmoja mwenye koti refu la sufu na viatu vinavyong'aa alizunguka ukumbi mara tatu akikwepa vikapu vya mianzi vinavyofuka mvuke. Mwishowe akaona nafasi mbele ya msichana aliyevaa koti la kijani, nywele kazibana kwa kalamu.

"Dada, hapa pana mtu?"

"Yupo. Wewe. Kaa kabla hujakanyagwa."

Akakaa, na kwa adabu akammiminia chai. Msichana akagonga meza kwa vidole viwili. Mtoto yeyote wa hapa kwetu anajua kuwa hiyo ni asante, lakini kijana akadhani anaambiwa aongeze. Akaongeza. Msichana akagonga tena, naye akaongeza tena, hadi chai ikatiririka mezani.

"Kaka, unataka kuniogesha?"

"Si wewe unayegonga?"

"Nakushukuru, jamani. Umetokea wapi wewe?"

"Nimezaliwa hapa hapa. Mama alinihamishia Shanghai nikiwa na miaka mitano."

"Pole. Walikuharibu mapema."

Kijana akacheka, akatia mdomoni hagau moja, kile kifurushi cha unga chenye nyama ya kamba wa baharini, ngozi yake nyembamba kiasi kwamba wekundu wa kamba unaonekana. Akafumba macho.

"Nani anapika hivi?"

"Mimi. Mikunjo kumi na mitatu kila kimoja, hesabu ukitaka. Leo napumzika, nimekuja kuona kama wanafunzi wangu wananiaibisha."

Alijisifu, na alikuwa na haki. Hoiyan, ndilo jina lake, alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa meza ya hagau katika jiko lile, na ilimchukua miaka kumi na mmoja. Kijana naye akataja jina lake, Pakhei, lakini la pili akalimeza. Kesho yake Mzee Tam aliingia jikoni na mwanawe, akatangaza kwamba ndiye bosi mpya. Hoiyan akampima Pakhei kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe bosi," alinong'ona. "Na jana uliniachia nikulipie chai."

Mapenzi yao yakakolea kwa simu, maana jikoni hawakutazamana.

"Unafanya nini, mrembo?"

"Namenya kamba, bosi."

"Usiniite bosi kwenye simu."

"Nikuiteje?"

"Pakhei wangu."

"Hilo nitalifikiria mwaka kesho. Na chunga mdomo wako. Watu wakijua, watasema meza nimepewa kwa sababu ya mapenzi."

Mwaka mpya wa Kichina ukafika. Siku yake ya pili, bosi huwakaribisha wafanyakazi wote kwenye mlo wa kufungua mwaka. Meza ilijaa: samaki mzima, nguruwe wa kuchoma mwenye ngozi inayovunjika, kuku wa kuchemsha mwenye rangi ya siagi. Hoiyan alikuja na gauni jekundu lenye kola ya kusimama. Pakhei alipomwona akasahau hata kusalimia watu. Moyo ukamtuma, akachukua paja nono kuliko yote kwa vijiti vyake, akaliweka kwenye bakuli la Hoiyan.

Meza nzima ikageuka kumtazama Hoiyan.

Tangu enzi za babu zetu, siku hiyo bosi akikutilia kuku bakulini, amekufukuza kazi. Hasemi neno, wala wewe huulizi. Shanghai hawakumfundisha hilo. Hoiyan alilitazama paja, akalaza vijiti vyake sawasawa, akainuka.

"Asante kwa miaka kumi na mmoja," alisema, akatoka bila kugeuka nyuma.

"Anaumwa?" Pakhei aliuliza.

Mok, mchomaji nyama, akashusha pumzi. "Bosi, umemfukuza."

"Nimempa paja."

"Ndilo hilo hilo."

Alipiga simu siku nne bila kujibiwa. Siku ya tano Hoiyan akapokea.

"Hoiyan, sikujua. Naapa."

"Watu kumi na wanane wameona."

"Nitawaeleza kuwa nakupenda."

"Ndiyo, ili waseme nilipanda kwa mapenzi na nikashushwa kwa mapenzi. Usinipigie tena."

Nyumba nyingine ya chai, ng'ambo ya mto, ilikuwa imeshamdaka. Kwa Mzee Tam wateja walionja hagau mpya, wakaguna, wakahama. "Mrudishe yule msichana kwa njia yoyote," mzee alimwambia mwanawe, na maneno hayo yakamfikia Hoiyan kupitia Mok. Yalimuuma kuliko lile paja. Sasa hakujua kama Pakhei anamtaka yeye au anaitaka mikono yake.

Siku ya kumi na tano ya mwaka mpya, taa nyekundu zikiwa zinatundikwa mitaani, Pakhei alivuka mto akapanga foleni saa nzima. Hoiyan akamjia mezani na aproni nyeupe, unga hadi kwenye viwiko.

"Umekuja kuchukua fundi?"

"Hapana."

"Maana sirudi. Hata mkinipa jiko zima."

"Usirudi. Niliwaita wote kumi na wanane, na baba akiwepo. Nikawaambia nilikosea kwa ujinga wangu. Nikawaambia nakupenda, na kwamba meza ile uliipata mimi nikiwa bado Shanghai, sijui hata kunywa chai. Mok akasema ni kweli. Wote wakasema ni kweli."

"Na baba yako?"

"Alinuna siku mbili. Jana akasema anakosa hagau zako, kwa hiyo itabidi awe anavuka mto."

Machozi yakamlenga Hoiyan. Akayafuta kwa kiganja, unga ukabaki shavuni.

"Wateja wako watahamia huku wote."

"Wameshahama. Nimepanga nao foleni."

"Na bado unanitaka? Nikiwa mshindani wako?"

"Nakutaka uwe mke wangu. Kazi yako ni yako."

Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya pili, Hoiyan akatabasamu.

"Lete keki za posa na nazi kwa wazazi wangu, Pakhei wangu. Ila hapa utapanga foleni kama wengine."

Huu ni mwaka wa sita wa ndoa yao, naye bado anapanga. Wageni humuuliza inakuwaje mwenye nyumba ya chai asimame saa nzima mlangoni kwa wapinzani wake. Pakhei hutanua kifua na kuwajibu, "Mke wangu ndiye anayepika."