Mume Wangu Alijua Moyo Wangu Unavuja

Mume wangu alinishika mkono mbele ya mkutano wa nyumba kumi, vidole juu ya mshipa, akawaambia majirani:

"Huyu ndiye mwizi. Moyo unakimbia, mikono baridi, jasho linamtoka. Asiye na hatia hawi hivi."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Igogo, Mwanza, mwaka 1974.

Mume wangu, Ishengoma, alikuwa tabibu wa zahanati yetu. Penisilini ilikuwa imetoweka stoo, na mkaguzi wa mkoa keshafika. Mimi nilikuwa nampelekea chakula pale kila mchana. Basi... mwizi akapatikana.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ngosha, akaniuliza, "Binti, mbona unatetemeka?"

"Sijui, mzee. Huwa hivi hata nikiwa nimekaa tu."

Watu wakacheka.

Nikawekwa mahabusu. Siku ya tatu pumzi ikakata, nikakimbizwa hospitali. Nesi mmoja, dada Agutu, akanisikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mlango mmoja wa moyo wako unavuja," akasema. "Damu inarudi nyuma. Mwili unadhani umevamiwa, basi mishipa ya fahamu inayokuandaa kukimbia hatari inaamka na hailali tena. Ndiyo hayo mapigo, ndiyo hilo jasho. Si hofu, mdogo wangu. Ni ugonjwa. Hakuna aliyekuambia?"

"Mume wangu ni tabibu. Alinipima, akasema ni wasiwasi tu."

Jioni mama mkwe, Ma Kokushubira, akaja na kikapu cha ndizi. Chini ya ndizi kulikuwa na kadi ya matibabu.

"Nimeikuta kwenye sanduku la mwanangu," akanong'ona. "Sijui kusoma. Lakini karatasi ya heri haifichwi chini ya suruali."

Agutu akaisoma. Mwandiko wa Ishengoma, jina langu. *Mlango wa moyo unavuja. Achomwe penisilini kila mwezi, usiharibike zaidi.*

Chini yake, miezi ishirini na miwili. Kila mwezi: *amechomwa*. Na saini yake.

Sikuwahi kuchomwa hata sindano moja.

Dawa alikuwa anaiuza kwa jina langu, na mimi nife polepole.

"Tuipeleke polisi sasa hivi," Agutu akasema.

"Hapana, dada. Mwache kwanza aape mahakamani."

Nilisubiri wiki tano. Nilisubiri kwa raha.

Mahakamani Ishengoma akaapa, hakimu akamuuliza, "Mkeo ana maradhi yoyote?"

"Hana, mheshimiwa. Nilimpima mwenyewe. Mzima kabisa."

Niliinamisha kichwa, nisionekane natabasamu.

Agutu akaitoa kadi. Hakimu akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Saini hii ni ya nani?"

Ishengoma akamtafuta mama yake kwa macho.

Ma Kokushubira akasimama. "Kadi nimeitoa mimi, mheshimiwa. Sandukuni mwake."

Kesi yangu ikafutwa. Yake ikafunguliwa, akala miaka minne jela ya Butimba. Mimi nikaanza sindano za kweli, ndizo zilizonifikisha kwenye uzee huu.

Alipotoka jela alikuja kwangu Kiseke, amekonda, anaomba msamaha. Aliyemfungulia mlango ni mama yake. Tulikuwa tunaishi pamoja tangu siku ya hukumu.

"Hapa ni kwa binti yangu," akamwambia. "Wewe sikujui."

Akafunga.

Mtasema nina roho mbaya. Sawa. Ila wewe ambaye moyo unakukimbia kila siku na unaambiwa ni wasiwasi tu... nenda kapimwe na mtu asiyefaidika na ukimya wako.