Mishi na Gari Lililopauka

Haya, sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako. Mmekaa? Basi sikilizeni.

Huko Tanga, mtaa wa Chumbageni, kulikuwa na msichana anaitwa Mishi. Alikuwa na miaka sita, na jino lake moja la mbele lilikuwa limeng'oka.

Mishi aliishi na mama yake. Mama yake alikuwa dereva wa lori. Lori kubwa, refu, la kubeba saruji!

Kila jioni Mama alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi. Nywele nyeupe, kope nyeupe.

"Mama, umezeeka!" Mishi humcheka.

"Ngoja nioge nirudi ujanani," Mama humjibu.

Lakini Mama alikuwa na hamu yake moja. Tangu alipokuwa mdogo kama Mishi, alitaka gari dogo. Si la kubeba saruji. Si la kubeba magunia. Gari la spoti, la chini, lenye viti viwili tu.

Akangoja. Akangoja weee! Mishi akazaliwa, akatambaa, akaota meno, akaanza shule. Mama bado anangoja.

Halafu Ijumaa moja, nje ya nyumba, kukalia honi.

Pii! Pii!

Mishi akatoka mbio. Lo! Gari la spoti, jipya, la bluu! Lilikuwa limelala chini chini, macho mbele, kama paka anayevizia.

Mama akashuka. Alikuwa anacheka, na huku analia.

"Mama, mbona unalia?"

"Ni furaha, mwanangu. Ikizidi, hutokea machoni."

Mishi hajawahi kumwona Mama hivyo. Akasema moyoni, "Gari hili lisipatwe na kitu. Likiharibika, furaha ya Mama itakwisha."

Jirani yao, Mama Kidawa, alikuwa amesimama uani kwake, mikono kiunoni.

"Hongera, jirani," akasema. "Lakini nikwambie? Gari kama hilo halikai na watoto. Utakuja kuniambia!"

Mama akacheka tu. Mishi hakucheka.

Jumamosi asubuhi Mama akakunja mikono ya shati.

"Mishi, leo tunalitunza gari. Alasiri tunakwenda kutembea, mimi na wewe."

"Mimi kiti cha mbele?"

"Viti vyote viwili ni vya mbele, mwanangu!"

Mishi akaruka juu kwa furaha. Akaruka tena.

Kwanza Mama akafungua boneti. Akachomoa kijiti kirefu cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Mishi akataka kukishika haraka haraka.

"Taratibu, Mishi, taratibu," Mama akasema. "Gari ni geni, halijatuzoea."

Kisha wakapima upepo wa matairi. Fsss! Moja. Fsss! Mbili. Tatu. Nne. Mishi akalipiga tairi teke, aone kama limejaa.

"Taratibu, Mishi, taratibu. Gari ni geni, halijatuzoea."

Kisha wakaliosha. Juu kwanza, chini baadaye. Maji mengi, povu jingi, na sponji laini.

Chwaa, chwaa! Maji.

Swii, swii! Sponji.

Chwaa, chwaa! Swii, swii!

Gari likatakata. Mishi akalowa mpaka chupi.

"Tumemaliza!" Mama akasema. "Mimi naingia kupika wali. Wewe kalinde gari lako."

Gari lako! Mmesikia? Mishi akasimama wima kama askari wa benki. Akalinda, akalinda.

Jua likapanda. Jua la Tanga mnalijua, halina mchezo. Maji yakakauka pale pale juu ya gari.

Mishi akatazama mlango wa gari. Akasogea. Akatazama tena.

Mlangoni kulikuwa na madoa. Madoa meupe! Huku meupe, kule meupe. Kwenye boneti, meupe.

"Masikini!" Mishi akasema. "Gari limepauka!"

Nyie mnajua kupauka, au mnajifanya hamjui? Ukioga usipake mafuta, miguu inakuwa myeupe, utadhani umetembea kwenye unga.

Nyumbani kwa kina Mishi hakuna anayeoga akaondoka hivi hivi. Kila siku Mama humwita, "Mishi, njoo nikupake mafuta! Usije ukapauka, watu wakasema sikutunzi."

Sasa gari limeoga. Halikupakwa kitu. Na alasiri watu wote wataliona!

"Watasema Mama halitunzi," Mishi akawaza.

Basi akaingia chumbani, nyatu, nyatu. Akachukua chupa yake ya mafuta ya nazi. Akatoka, nyatu, nyatu.

Akamimina mkononi. Akapaka mlango. Pwata, pwata! Akapaka boneti. Pwata, pwata! Akapaka taa, maana hata uso hupakwa. Akapaka na kioo cha mbele, na vile vioo viwili vya pembeni vilivyo kama masikio.

"Taratibu, gari, taratibu," akaliambia. "Hata mimi sipendi kupakwa masikioni."

Chupa ikaisha. Mishi akarudi nyuma, akaangalia.

Looo! Gari linang'aa! Linang'aa na kunukia kama mtoto wa watu.

Mishi akatabasamu kwa pengo lake.

Sasa, kule ng'ambo ya ua, Mama Kidawa akashika ufagio. Huyu mama akifagia, anafagia kweli.

Fya, fya, fya!

Vumbi likapanda. Vumbi likavuka ua. Likaja polepole, likatua juu ya gari. Na lilipotua, halikuondoka tena.

"Ondoka!" Mishi akasema. Akapuliza. Puu! Vumbi halisikii.

Fya, fya, fya! Likaja jingine.

Kisha akaja kuku wao mweupe. Akaruka juu ya boneti, akateleza, suruuu! Akajipigapiga mabawa, akaanguka chini. Manyoya yake matatu yakabaki yamenata kwenye gari.

"Yallah!" Mishi akasema. "Mama akija?"

Akashika pindo la gauni lake. Akafuta vumbi mlangoni. Halitoki. Akafuta kwa nguvu. Akafuta kwa nguvu zake zote.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Mishi akasimama ghafla. Pale mlangoni, kwenye ile bluu nzuri, kulikuwa na mistari mitatu myembamba. Akaigusa kwa kidole. Mistari haikufutika.

 Akakimbia, akajificha nyuma ya pipa la maji.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Mishi! Wali tay..."

Mama akaliona gari. Gari lake lilikuwa kama andazi lililoangukia mchangani.

"Jamani! Jamani! Nani amelifanya gari langu hivi?"

Mama akatazama kushoto. Hakuna mtu. Akatazama kulia. Akamwona kuku mweupe. Akayaona na yale manyoya matatu juu ya boneti.

"Ahaa! Kumbe ni wewe!" Mama akamnyooshea mwiko. "Leo utaingia chunguni!"

"Ko?" akasema kuku.

Nyuma ya pipa, Mishi akaziba mdomo. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mama hatakasirika naye, na furaha haitakwisha.

Lakini kuku wa watu ataliwa! Na hakufanya kosa lolote, aliteleza tu.

Mishi akatoka. Miguu ilikuwa mizito, lakini akatoka.

"Si kuku, Mama. Ni mimi."

Mama akashusha mwiko. "Wewe? Umelifanya nini?"

"Nimelipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Yale yangu."

"Mafuta ya nazi! Gari! Kwa nini, mwanangu?"

"Lilipauka," Mishi akasema kwa sauti ndogo. "Nikaogopa watu watasema hulitunzi."

Mama akamtazama Mishi. Akalitazama gari. Midomo ikaanza kumcheza, kicheko kinataka kutoka.

Halafu akaiona ile mistari mitatu mlangoni. Kicheko kikarudi ndani.

"Na hii?"

"Nilikuwa nafuta vumbi. Nilifuta kwa nguvu."

Mama akakaa chini, pale pale uani.  Machozi yakamlengalenga, na safari hii Mishi alijua si ya furaha.

Mishi naye akaanza kulia. "Nisamehe, Mama. Nisamehe, Mama."

Mara juu ya ua kikachomoza kichwa cha Mama Kidawa.

"Si nilikwambia?" akasema. "Si nilikwambia jana tu? Gari kama hilo na mtoto havikai pamoja!"

Mama akainuka. Akajipangusa vumbi. Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Mishi.

"Sawa, Mama Kidawa," akasema. "Kama haviwezi kukaa pamoja, basi gari ndilo litakalohama. Mtoto yupo, haendi popote."

Mama Kidawa akauweka ufagio wake chini.  

Mishi akamkumbatia Mama miguuni, akamshika kwa nguvu. Mama akainama akamfuta machozi kwa kanga.

"Haya, fundi wa mafuta," Mama akasema. "Tunaanza upya. Lete ndoo."

Kabla Mishi hajafika bombani, mlango wa ua ukalia, kwii! Alikuwa Mama Kidawa, na ndoo ya maji ya uvuguvugu.

"Mafuta hayatoki kwa maji baridi," akasema, macho yake yakitazama pembeni. "Na lile vumbi... lile vumbi nadhani lilikuwa langu."

Basi wakaliosha, wote watatu.

Chwaa, chwaa! Maji.

Swii, swii! Sponji.

"Taratibu, Mama Kidawa, taratibu!" Mishi akasema. "Gari ni geni, halijatuzoea."

"Makubwa!" akasema Mama Kidawa. Lakini akapunguza nguvu.

Safari hii hawakuliacha likauke juani. Walilifuta kwa kitambaa laini, kila tone, mpaka la mwisho. Madoa meupe hayakurudi.

Kisha Mama akaleta kikopo kidogo. Ndani yake kulikuwa na kitu laini, cheupe.

"Mishi, unajua hii ni nini? Nta. Nta ya gari. Gari likishaoga, linapakwa hii."

Mishi akakodoa macho. "Kumbe na lenyewe linapakwa?"

"Linapakwa, mwanangu. Hukukosea kulipaka. Ulikosea chupa tu. Na siku nyingine, kabla hujalipaka kitu, unaniita."

"Nitakuita, Mama."

Mama akachovya kitambaa kwenye nta. Akamshika Mishi mkono, wakapaka pamoja. Duara, duara, duara. Taratibu, taratibu.

Mistari mitatu ikafifia. Mmoja ukapotea. Wa pili ukapotea. Wa tatu ukabaki, mwembamba kama unywele.

Mama akautazama. Akapumua. "Huu utabaki," akasema. "Haya, twende tukale, wali umepoa."

Alasiri wakaingia garini. Mama kiti kimoja, Mishi kiti cha pili, mikanda imefungwa.

Vruuum! Wakashika barabara ya Pongwe.

Mishi akangoja gari likimbie. Gari halikukimbia.

Baiskeli moja ikawapita. Kring, kring! Baiskeli ya pili ikawapita, tena hiyo ilikuwa imebeba mkungu wa ndizi.

"Mama! Tunapitwa na ndizi!"

"Injini bado changa," Mama akasema. "Kwanza inazoeshwa. Siku zake za kukimbia zitafika."

Mishi akatoa mkono dirishani, akampungia yule mtu wa ndizi. Mama akawa anaimba. Mishi akamtazama usoni, akaiona furaha. Ilikuwepo. Haikuwa imekwisha.

Jioni Mama akalifunika gari kwa turubai lake. Akamwogesha Mishi, akamlaza kitandani, akakaa naye.

Lakini Mishi hakulala. Alikuwa na neno.

"Mama, kile kimstari kilichobaki... umesikitika?"

"Nimesikitika kidogo," Mama akasema. "Sikudanganyi."

Mishi akavuta shuka mpaka puani.

"Mama, unalipenda gari?"

"Nalipenda sana."

"Na mimi?"

Mama akalala kando yake, akamvuta karibu.

"Nisikilize, Mishi. Lile gari nililipata wapi?"

"Dukani."

"Eee. Likichakaa, nitafanya kazi, nitarudi dukani, nitanunua jingine. Je, Mishi wangu? Wewe nitakupata duka gani?"

Mishi akawaza. Akayawaza maduka yote ya Tanga. La sabuni, la vitambaa, la baiskeli, lile kubwa la sokoni lenye kila kitu.

"Hakuna duka, Mama," akasema.

"Hakuna kabisa," Mama akasema.

Mishi akafumba macho. Mama alitaka kuinuka akaoshe vyombo. Lakini mkono mdogo ulikuwa umemshika kidole, umekishika sawasawa.

Basi Mama akaviacha vyombo. Akalala hapo hapo.