Mwavuli wa Hadithi ya Sita

"Samahani dada, usifungue ukurasa bado. Sijamaliza."

Aliyeambiwa hivyo aligeuka. Alikuwa kwenye foleni ya kubadilisha vitambulisho, katikati ya watu waliokwisha kuchoka hata kulalamika, na kitabu cha katuni kimefunguka mikononi mwake. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la mistari lililopigwa pasi kwa bidii, shingo ameinyoosha kama anayechungulia kwa jirani.

"Unasoma kitabu changu tangu lini?"

"Tangu pale mlinzi alipoficha ufunguo kwenye kiatu."

Pale palikuwa mwanzo kabisa wa sura. Yule dada alijaribu kukunja uso, ikashindikana. Alivaa sketi ndefu ya bluu na blauzi nyeupe aliyoikunja mikono, na kwenye nywele alikuwa amechomeka penseli akaisahau. Alikisogeza kitabu kidogo upande wa kulia ili mwenzake aone vizuri. Foleni ikasonga wao wakisoma. Kila alipofika chini ya ukurasa alisubiri, kijana akiitikia kwa kichwa ndipo anafungua.

Kabla ya kufika kwa karani walikuwa wameshagombana. Dada alishikilia kwamba yule mlinzi ni mwoga. Kijana akasema si mwoga, amechoka tu, na akamwonyesha mabega yalivyochorwa. Dada aliyatazama, akakubali moyoni, lakini mdomoni akasema kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo mambo ya mistari asifundishwe na mtu aliyemkuta foleni.

"Na wewe kazi yako nini?"

"Natengeneza miwani."

"Mbona hujavaa?"

"Macho yangu mazima, dada. Ndiyo maana nimekuona."

Karani aliwaambia kama wamekuja kucheka waende wakachekee nje.

Jumamosi iliyofuata kijana alimpeleka kwenye kikao. Kinyozi mmoja alikuwa akifunga kazi mapema siku hiyo, anageuza viti vyake vielekee katikati, na wapenzi wa katuni wanaketi humo kuzungumzia vitabu walivyosoma. Kila aliyeingia alibandikwa jina. Fundi miwani walikwisha kumwita Lenzi. Mchora ramani, aliyekuja na rula ndefu ikitokeza mkobani, hakuulizwa, akawa Rula.

Siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya mikusanyiko ya katuni. Kinyozi alisema zamani alisubiri toleo dogo wiki nzima, anamnyoa mtu huku anawaza shujaa atatokaje kisimani. Leo mtu ananunua juzuu nene lenye matoleo yote, anamtoa shujaa kisimani kabla chai haijapoa. Lenzi alimjibu kwamba kwenye mkusanyiko ndiko unakomwona mchoraji akikua: sura za mwanzo mikono ya watu ni kama vijiko, za mwisho mikono inaongea. Rula, mgeni, aliombwa maoni. Alisema yeye anataka kujua kwa nini nyumba za kwenye katuni hazina choo. Kikao kizima kikaanza kupekua vitabu kutafuta choo. Hakikupatikana. Kinyozi akampa kiti cha karibu na feni, na tangu hapo kikawa chake.

Kikao kilikuwa na sheria moja tu: mwisho wa hadithi hausimuliwi, wala haudokezwi, kwa mtu ambaye hajaufikia. Rula na Lenzi waliishika sheria hiyo hata walipoanza kuazimana vitabu wao wawili. Rula alivipeleka vikiwa vimevikwa karatasi ya khaki mbele na nyuma, kama madaftari ya watoto wa shule, maana hakuvumilia kuona jalada likichubuka. Lenzi alivirudisha bila hata kona iliyokunjwa. Jioni walipigiana simu.

"Umefika wapi?"

"Pale mvua inapoanza."

"Basi sisemi kitu."

"Usiseme, mpenzi."

Rula akaihamishia simu sikio la pili.

"Umesema nini?" Rula akauliza.

"Nimesema usiseme."

"Hapana. Neno la mwisho."

"Mwisho hausimuliwi. Ni sheria."

Rula alilala na simu chini ya mto.

Mvua zilikuja zikapita. Siku moja mchana Rula aliingia dukani kwa Lenzi na viatu vya kazini, akampita dada yake Lenzi aliyekaa mbele akipokea wateja, akaingia karakana ya nyuma. Lenzi alikuwa amevaa aproni ya kijivu, amekishika kioo kwenye jiwe la kusagia, maji yakitiririka. Rula alimweleza kwamba ofisi yao inafungua tawi katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa treni, na wamemchagua yeye akaongoze chumba cha wachoraji. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Lenzi alizima mashine, akafuta mikono taratibu, kila kidole peke yake.

"Mimi pia nilikuwa na swali langu. Nilitaka kusubiri mpaka nipate mahali pazuri pa kuliulizia."

"Hapa pana nini?"

"Pana dada yangu nyuma ya pazia anasikiliza."

Pazia likatikisika. Rula alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Nataka tuoane," Lenzi akasema. "Usinijibu leo. Sitaki nikuchanganye na mambo ya kazi. Kafikiri, halafu unijibu kwa njia unayoona inafaa."

Njia aliyoona Rula inafaa ilikuwa kitabu. Alirudi kesho yake na mkusanyiko wa hadithi sita za wachoraji sita, khaki yake imekunjwa vizuri kwenye pembe, akasema jibu lake liko kwenye hadithi ya sita, na Lenzi asiruke zile za kwanza. Aliondoka haraka kwa sababu uso wake ulikuwa unataka kusema kabla ya kitabu.

Lenzi hakuruka. Hadithi ya sita haikuwa na neno hata moja, wala kiputo cha mazungumzo, wala jina. Katika ukurasa alioanza nao palikuwa na meza yenye vikombe viwili, mwanamume na mwanamke wamekaa karibu, mwavuli umeegemezwa ukutani. Akafungua. Mwanamke amesimama mlangoni na sanduku mkononi. Akafungua. Barabara, mvua. Kisha stesheni. Kisha treni ndogo katikati ya shamba kubwa. Na kurasa zilipoisha, mwanamke alikuwa katika chumba cha kupanga, peke yake, ameketi kwenye kitanda chembamba akitazama sanduku.

Alikaa na kitabu magotini mpaka dada yake akamwita kula. Hakuona haja ya kumfanya Rula alitamke jambo ambalo alikuwa amehangaika kulisema kwa upole kiasi kile. Jioni alimpigia.

"Nimesoma," akasema.

"Yote?" Sauti ya Rula ilikuwa juu, nyepesi.

"Yote. Nimekuelewa."

"Halafu?"

"Halafu sina la kuongeza. Ni uamuzi wako na nauheshimu. Nakutakia kila la heri huko uendako."

Rula alingoja aone kama ni utani. Alipotambua kwamba si utani, alisema asante, akakata, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Kwa hesabu yake, mwanamume alikuwa ameomba ndoa, akapewa ndiyo, akaitazama ile ndiyo, akarudi nyuma. Hakumpigia tena. Lenzi naye hakupiga, akidhani anamrahisishia safari.

Kilichoharibika kwanza ni kazi. Bibi mmoja alirudisha miwani akilalamika kwamba akiivaa sakafu inapanda. Dada yake Lenzi aliipima, akakuta kioo cha kulia kimesagwa kwa kipimo cha kushoto. Alikipeleka nyuma ya pazia, akakiweka mbele ya mdogo wake.

"Una nini wewe?"

"Amekataa."

"Amekwambia amekataa?"

"Amenionyesha."

"Kwenye hivyo vitabu vyenu." Dada alivuta stuli akakaa. "Mimi mtu akinikataa nataka nimsikie. Jumamosi mna kikao. Nenda, mrudishie kitabu chake mkononi, umtazame usoni. Halafu urudi unisagie kioo cha bibi wa watu."

Alikwenda. Alivaa lile shati la mistari, safari hii bila pasi. Rula naye alikuwapo, ameketi pale kwenye feni na gauni la kijani ambalo kikao hakijawahi kuliona, amekuja kuaga. Jumatatu angewaambia ofisini kwamba anakwenda. Walisalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja zamani. Lenzi akaweka kile kitabu chenye khaki mapajani mwake, akatafuta nafasi ya kukikabidhi, nafasi isipatikane, kwa sababu Kinyozi alikwisha kutoa nakala yake ya kitabu hicho hicho. Rula mwenyewe ndiye aliyekipendekeza mwezi uliopita, alipokuwa bado na furaha, na wote walikuwa wamekisoma.

Walizipitia hadithi tano bila shida. Ya tatu ilisifiwa rangi. Ya nne Kinyozi aliiponda, akisema jambazi aliyechorwa na nywele nzuri kiasi kile hawezi kuwa hatari. Wakafika ya sita. Lenzi aliulizwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema anachofikiri juu ya vitabu, alisema.

"Imechorwa vizuri. Lakini mchoraji ana roho ngumu. Yule mwanamke anaondoka hata chai hajamaliza."

Rula aliinua kichwa. "Nani anaondoka?"

"Yeye. Anaacha kikombe mezani, anabeba sanduku, anaishia kwenye chumba, peke yake."

"Anaanzia kwenye chumba. Peke yake."

"Rula, nimeisoma zaidi ya mara moja."

"Hebu nipe."

Alikichukua kitabu kutoka mapajani mwa Lenzi, akafungua ukurasa wa vikombe, akauweka chini ya pua yake kama mtu anayemwonyesha fundi ujenzi ukuta uliopinda.

"Tazama mwavuli."

Lenzi akatazama.

"Unachuruzika," Rula akasema. "Dimbwi hilo sakafuni. Kama ndio kwanza anatoka nyumbani, nani kaulowesha? Chai?"

Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu wawili hao hawakuwa wanacheka. Kinyozi aliinuka na nakala yake, ambayo haikuwa na khaki, akaigeuza. Nyuma palikuwa na jalada la pili, zuri kama la mbele, lenye jina la hadithi ya sita na mshale: anza hapa, soma kutoka kulia kwenda kushoto. Hadithi ilitoka kwenye lugha inayosomwa hivyo, na mchapishaji aliiacha kama ilivyo.

"Lenzi," Kinyozi akasema taratibu, "si wewe uliyenifundisha mimi kusoma vya kutoka kulia? Si ulinicheka mwaka mzima?"

Lenzi alikichukua tena kile chenye khaki, akakigeuza. Alichomoa karatasi ya khaki kwenye jalada la nyuma la kitabu cha Rula, polepole, asichane. Mshale ulikuwapo.

Rula aliweka mkono mdomoni. "Nililifunika mimi."

Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba feni ya nje ya duka inahitaji kuangaliwa, ingawa nje hapakuwa na feni, akatoka na kikao chote.

"Kwa hiyo jibu lako," Lenzi akasema.

"Anasafiri kote kule, kwenye mvua, anabisha, anafunguliwa. Vikombe viwili. Nilijua hata mtoto ataelewa."

"Mimi nilikuona unapanda treni."

"Na mimi nilikusikia unanitakia kila la heri." Rula aliichukua ile karatasi ya khaki, akaikunja. "Ulijua nilivyokaa siku zote hizi?"

"Nisamehe, mpenzi. Ningekuuliza neno moja tu."

"Na mimi ningelisema neno moja tu. Ni fupi, halihitaji mchoraji."

Walikaa kwenye viti vya kunyolea, wakijitazama kwenye kioo kikubwa badala ya kutazamana. Kisha Rula akasema jambo lililokuwa gumu kuliko yote. Siku ile alipompa kitabu alikuwa tayari kuiacha ile kazi. Lakini katika majonzi yake alikuwa ameanza kupanga kile chumba cha wachoraji kichwani, meza zikae wapi, mwanga uingie upande gani, na sasa alikuwa anaitaka kwa kweli. Anaitaka kazi na anamtaka yeye, na hajui hadithi ya namna hiyo inachorwaje.

Lenzi alifikiri. Hakufikiri muda mrefu.

"Watu wasioona vizuri wako kila mji," akasema. "Duka hili dada ataliendesha, ananisema kila siku kwamba nimembana. Wewe tangulia. Mimi nitakuja na sanduku na mwavuli, nibishe."

"Ukiwa umelowa?"

"Chapachapa."

"Basi ndiyo," Rula akasema kwa sauti, mbele ya viti vitupu, ili safari hii isiwe na upande wa kukosewa. "Ndiyo, Lenzi. Nitaolewa nawe."

Kutoka nje alisikika Kinyozi akiwaambia wenzake wanyamaze.

Rula alisogeza kiti, akakilaza kitabu kati yao kikiwa kimefunguliwa kuanzia nyuma. Chumba cha kupanga, mwanamke, sanduku. Alishika kona ya ukurasa.

"Subiri," Lenzi akasema. "Sijamaliza."

Akasubiri.